Munkoyo: muzizi tunakunywa, lakini hatuujue



Tufanye jaribio kidogo. Taja maeneo ya divai yenye unajua. Bordeaux, Champagne, Bourgogne: hata mutu mwenye hajavuka Lubumbashi anataja tatu bila kufikiri, juu tulisoma ile mu jiografia na tunaiona ku chupa za mu maduka. Sasa jibu hii ingine: ile munkoyo yenye ulikunywa ku matanga ya juma ile, inatoka mu mumea gani? Majani yake iko namna gani? Inaota wapi? Nani aliichimba? Hapo wengi tunanyamaza. Tunajua kunywa, hatujue kinywaji.

Si kitu kidogo. Eneo ya divai, popote mu dunia, inasimama ku mambo tatu: mumea yenye inaota pale, maarifa ya watu wenye kuitengeneza, na jina yenye kulinda vile viwili. Wafaransa wako na yote tatu. Siye, huku Buluo, mu Likasi na mu Katanga yote ya kusini, tuko na mumea na tuko na maarifa. Jina hatujaiandika fasi yoyote. Na mumea yenyewe iko naenda. Njo maana ninaandika leo.

1. Kazi ya nkambo

Nkambo wangu alikuwa anauzisha munkoyo. Sehemu ya minerval yangu ya sekondari ilitoka mu bidoni yake, na najua siko peke yangu hapa. Nieleze kwanza kazi yenyewe vile nilikuwa naiona, kisha tutaangalia sayansi yenye iko ndani.

Anaweka maji ku mbabula, anatia bunga ya mahindi, anapika uji. Si uji ya haraka: anaiacha ichemke saa mingi, mupaka bunga inaiva kabisa. Kisha anashusha sufuria na anangojea. Wakati uji inapoa, anachukua mizizi ya munkoyo yenye alinunua ku soko fungu kwa fungu, anaiosha, anaitwanga mu kinu mupaka inakuwa nyuzi-nyuzi kama kamba ya zamani. Anagusa ubavu ya sufuria na mukono. Ingali moto sana? Anangojea. Inashikika? Anatia mizizi, anakoroga.

Hapo kunafanyika kitu chenye mutoto hachoke kuangalia. Ile uji nzito, yenye mwiko ilikuwa inasimama ndani, inaanza kulegea. Kisha muda inakuwa maji-maji, na ukionja, utamu umeingia. Hakuna mutu alitia sukari. Anafunika, analaza. Kesho yake anachuja, na munkoyo iko tayari: tamu, na ukali kidogo. Kesho kutwa ukali unazidi. Ukiiacha siku zingine, inaanza kushika kichwa.

Nkambo alikuwa na sharti moja. Ukitia muzizi wakati uji ingali inachemka, alisema, "unaua munkoyo". Ukingojea mupaka ipoe kabisa, "inalala". Sikuelewa ile maneno mupaka siku moja mu somo ya biokimia.

2. Sayansi yenye iko mu sufuria

Bunga ya mahindi ni wanga. Wanga ni mikufu mirefu ya sukari yenye imefungwa pamoja, na hamira haiwezi kula mukufu muzima. Inakula paka sukari yenye imekatwa. Kwa kukata ile mikufu kunaomba anzime, ile kitu tulijifunza ku labo kama inafanya kazi ya makasi. Makasi ya wanga inaitwa amilaze.

Muzizi ya munkoyo iko na amilaze ndani. Uji ikipikwa, wanga unavimba na kufunguka. Kwa mahindi ile inafanyika kuelekea digri 62 mupaka 72. Sasa amilaze inapata mulango ya kuingia. Lakini amilaze ni protini. Ukiitia mu maji yenye kuchemka inaharibika, sawa vile yai inaiva na hairudie tena kuwa mbichi. Njo kule "kuua munkoyo". Ikikuta baridi, inakata pole-pole sana, njo kule "kulala". Mukono ya nkambo ku ubavu ya sufuria ilikuwa termometri.

Kisha kukata, kunakuja bakteria za asidi laktiki, ndugu za zile zenye kugandisha maziwa. Zinakula sehemu ya sukari na kutoa ukali. Hamira nayo inatoa pombe: kidogo sana siku ya kwanza, zaidi kila siku yenye inapita. Na ule ukali si ladha tu. Asidi inazuia vijidudu mingi vyenye kuleta magonjwa. Kwa hiyo munkoyo ya siku ya kwanza ilikuwa kinywaji cha nyumba yote, na cha mutu mwenye anatoka shamba na njaa: ni maji, ni chakula, ni kiburudisho mu kikombe kimoja.

3. Tatizo moja, majibu mingi

Tuangalie sasa ginsi dunia ingine ilifanya, ili tujue kazi ya nkambo inasimama wapi.

Mukulima wa zabibu alipata bahati. Sukari iko tayari mu tunda, na hamira inakaa ku ngozi ya tunda. Ukiponda zabibu na kungojea, divai inaanza yenyewe. Lakini watu wenye kuishi na nafaka walipaswa kwanza kuvunja wanga, na kila taifa ilitafuta makasi yake. Ulaya waliotesha shayiri kidogo kisha wakaikausha: ile njo malt, na bia yote ya chupa yenye tunakunywa Likasi inasimama juu yake. Wachaga wa Kilimanjaro wanatengeneza mbege na ndizi pamoja na ulezi yenye imeoteshwa. Ku milima ya Andes, kwa kutengeneza chicha, watu walikuwa wanatafuna mahindi na kuitema, juu mate ya mutu iko na amilaze. Japani walitumia kuvu, wakaiotesha ku muchele, wakapata sake.

Siye na ndugu zetu wa Zambia tulipata makasi mu udongo, ku muzizi ya mumea ya pori. Hakuna kuotesha nafaka siku tatu, hakuna kutafuna. Unachimba, unaosha, unatwanga, unatia. Fikiri mutu wa kwanza mwenye alijaribu: aliangalia mizizi ngapi mbele ya kufikia hii? Hakuna mutu anajua jina yake. Lakini ile ni uvumbuzi, sawa na malt ni uvumbuzi. Na walivumbua pamoja Walamba, Wabemba, Walala, Wasanga na wengine, juu mupaka ya wakoloni ilipita katikati ya watu wenye walikuwa wanakunywa ku kibuyu moja.

Mutu atauliza: sasa munkoyo ni divai kweli? Hapana. Divai ni ya matunda, na kwa sayansi munkoyo inakaribia zaidi bia. Sitaki kuipamba na jina ya wengine. Kile ninalinganisha ni eneo: kinywaji chenye kimefungwa ku udongo fulani, ku mumea fulani, na ku mikono ya watu wenye wanaishi pale. Pale munkoyo iko sawa na Bordeaux.

4. Mumea yenyewe ni nani?

Mu mwaka 1992, mu gazeti moja ya botaniki ya Ubelgiji, kulitoka makala juu ya mimea yenye kutumiwa kutengeneza munkoyo mu eneo yetu. Waandishi walionyesha kama "munkoyo" si mumea moja. Ni mimea ya jenasi tatu: Eminia, Rhynchosia na Vigna. Yote ni ya jamaa ya maharagi. Hata kunde yenye tunakula na bukari iko Vigna. Kwa hiyo, mara nyingi majani yake inakuja tatu-tatu kama ya maharagi, na mbegu zake zinakaa mu maganda. Ukipita mu pori bila kujua, unaikanyaga.

Kitu hiki hakipaswe kutushangaza. Divai ya Bordeaux pia haitoke mu zabibu ya aina moja. Kuna Merlot, kuna Cabernet Sauvignon, na zingine. Tofauti ni kama mukulima wa kule anajua kila aina, amepima kila moja, ameandika. Mu 1997 wanasayansi walitoa utafiti juu ya munkoyo ya Zambia, na mu 2012 watafiti wa Congo na wa Ubelgiji walitoa ingine juu ya munkoyo ya kwetu: ukali yake, ginsi inachacha yenyewe. Ni kazi ya muzuri. Lakini inasomwa na nani mu Likasi? Iko mu lugha ya labo, na mama wa soko hajawahi kuambiwa kama kazi yake iko mu gazeti ya sayansi.

5. Wafaransa waliponyeshwa na muzizi

Kuna sehemu ya historia ya divai yenye hatukufundishwa ku masomo. Kuanzia miaka ya 1860, kidudu kidogo sana chenye kilitoka Amerika, filoksera, kiliingia mu mashamba ya Ufaransa. Kilikuwa kinakula mizizi. Juu ya udongo mutu alikuwa anaona majani tu yenye kukauka. Chini, muzabibu ulikuwa umekwisha kufa. Sehemu kubwa ya mashamba iliharibika. Walijaribu dawa, walijaribu hata kujaza mashamba maji. Jibu yenye ilisimama ni hii: walichukua muzizi ya muzabibu wa Amerika, yenye ilizoea kile kidudu, wakaunganisha juu yake tawi la muzabibu wa Ufaransa. Mupaka leo mizabibu mingi sana ya Ufaransa inasimama ku mizizi ya kigeni.

Kisha kukakuja shida ingine. Divai ilikuwa imepunguka, na wafanyabiashara wakauzisha divai ya uongo na majina ya kweli. Wakulima walipigana miaka mingi, mupaka sheria ya tarehe 30 Mwezi wa 7, 1935 ikaweka kanuni: jina ya eneo haiwekwe ku chupa kama zabibu, udongo na kazi si za pale. Angalia mufuatano: walianza kuponyesha muzizi, kisha wakalinda jina. Jina bila muzizi ni karatasi ya kubandika ku chupa.

Na usiseme kama ile ni mambo ya watu wenye walianza zamani sana. Kweli, Georgia inatengeneza divai tangu miaka elfu mingi, na ginsi yao ya kuchachisha divai mu mitungi yenye imezikwa mu udongo iliingia ku orodha ya UNESCO mu 2013. Lakini Dodoma ya Tanzania, mizabibu yake iliingia na wamisionari Wakatoliki mu miaka ya 1950 tu. Leo wanavuna mara mbili kwa mwaka, na jina Dodoma iko ku chupa, mu lugha yetu ya Kiswahili. Umri si jambo kubwa. Kazi njo jambo.

6. Shida yetu iko tofauti, na ni kali zaidi

Mutu wa zabibu anachuma tunda. Muzabibu unabaki, mwaka ujao anarudia. Mutu wa munkoyo anachukua muzizi. Huwezi kuvuna muzizi yote na kuacha mumea imesimama. Kila bidoni ya munkoyo imekula mimea fulani yenye haitarudia mwaka ujao, isipokuwa kuna mutu alipanda zingine. Na kwa kawaida munkoyo haipandwe. Inatafutwa mu pori.

Pori yenyewe, tunajua hali yake. Ni miombo, na miombo njo inapika bukari ya Likasi na ya Lubumbashi: kila mufuko ya makala yenye inapita ku barabara ni miti yenye ilianguka. Fasi zingine zimekuwa machimbo ya shaba na kobalti. Shamba nayo inasogea. Sisemi mutu aache kupika ao kuchimba. Nasema tu kama mumea yenye hakuna mwenye kuipanda, na yenye pori yake inapunguka, haihitaji kidudu cha Amerika. Siye wenyewe tunatosha.

Na tusijidanganye kama kinywaji kitakufa siku ile. Kinywaji kitabaki. Viwanda vinaweza kununua anzime yenye imetengenezwa mu kiwanda kingine, kutia mu uji ya mahindi, kufunga mu chupa ya plastiki. Vinywaji vya mahindi vya viwanda tayari tunaviona mu maduka. Si kosa kuvinywa. Lakini siku muzizi itakosekana ku soko, kile chenye kitakufa ni kazi ya mama wa bidoni. Tunajua ile kazi ilifanya nini. Wakati Gécamines ilianguka mu miaka ya 1990 na mishahara ikakatika, mu nyumba mingi za muji yetu ni biashara ndogo ya bamama ilibakia: munkoyo, makala, bunga, mboga. Diplome mingi za hii association ziko na harufu ya ile mizizi. Tuseme ukweli.

7. Sasa tufanye nini?

Sitaki kumaliza na "tuhamasishe". Kila mutu aangalie kitu alisomea.

Wewe wa agronomia: mbegu. Kusanya maganda wakati imekauka, jaribu kuotesha. Mbegu za hii jamaa mara nyingi ziko na ngozi ngumu, kwa hiyo jaribu kuzikwaruza ao kuzilowesha mbele. Kisha pima: muzizi inafikia ukubwa ya kutumika kisha miaka ngapi? Ukikata nusu ya muzizi na kufunika, mumea inarudia? Ni maulizo ya miaka tano, si ya TFC moja. Lakini mistari kumi nyuma ya nyumba inatosha kuanza, na mutu wa promosheni yenye inafuata anaendelea.

Wewe wa kemia ao wa afya: kaa pembeni ya mama mwenye kupika, na termometri na karatasi ya kupima asidi. Usimufundishe mbele ya kujifunza. Lakini kuna jambo moja ya kumusaidia: uji inachemka na vijidudu vinakufa, kisha muzizi inaingia mbichi, na udongo yake. Kuosha muzizi na maji safi yenye ilichemka na kupoa ni bei ndogo, na ni mulango mukubwa unafungwa.

Wewe wa lugha ao historia: andika majina. Mumea moja inaitwa namna gani mu Kisanga, mu Kilamba, mu Kibemba, mu Kiluba? Mwenye kuchimba anatofautisha namna gani Eminia na Rhynchosia, yeye mwenye hajawahi kusikia ile majina ya Kilatini? Omba ruhusa mbele ya kuandika. Na ku ukurasa ya shukrani ya TFC yako, pale unaandika profesa, andika pia mama mwenye alikufundisha, kama anakubali.

Wewe wa sheria ao uchumi: jina. Haiko ndoto. Pilipili ya Penja, ku Cameroun, ilipata ulinzi wa jina ya eneo mu 2013. Nsima ya Malawi, ambayo ni bukari tu, ndugu zangu, iliingia ku orodha ya UNESCO mu 2017. Rumba yetu, pamoja na Congo ya Brazzaville, iliingia mu 2021. Kila moja ilianza na watu wenye walikaa kitako na kuandika: ni kitu gani, kinafanywa namna gani, na nani. Na watu wa muji yetu wanajua uzito wa jina. Kuanzia 1931 tuliitwa Jadotville, kwa heshima ya mutu wa Ubelgiji. Mu 1966 Likasi ikarudi. Hakuna kilo moja ya shaba yenye iliongezeka siku ile, lakini hakuna mutu hapa anaweza kukubali turudie.

Mutu ataniambia: "Grand, ile haitanipa kazi." Pengine. Haitakulipa kama kampuni ya machimbo. Lakini shaba ikitoka mu udongo hairudie, na muzizi ikipandwa inarudia. Mu eneo yenye inaishi ku vitu vyenye havirudie, kuwa na hata kitu kimoja chenye kinarudia si muchezo.

8. Ulizo ya kubeba nyumbani

Juma hii, ukipita ku soko na kiu, nunua kikombe. Mbele ya kunywa, omba mama akuonyeshe muzizi yenye haijatwangwa. Iangalie, inuse. Kisha muulize maulizo mbili: hii inatoka wapi leo, na wakati ulianza hii kazi ilikuwa inatoka wapi?

Andika jibu, na tarehe, na fasi. Utuletee hapa. Tukipata majibu makumi mbili, tutakuwa na karata ya kwanza ya ginsi munkoyo iko nakimbia muji. Kuanzia pale tutajua fasi ya kupanda.